Mwaka Dawa Zote Mbili za Pumu Zilipofika Kamina

Binti yetu wa tatu anafanya kazi ya maabara katika mji mmoja wa Ulaya ambao mke wangu hulitamka jina lake kila siku kwa namna tofauti. Mwaka jana alikuja likizo, akakaa nasi majuma matatu. Siku moja, baada ya chakula cha mchana, alimwonyesha mama yake picha za video kwenye simu. Ilikuwa sahani ndogo ya kioo, na ndani yake kitu cheupe kama ukungu, na ule ukungu ulikuwa unapiga. Unajikaza, unaachia. Unajikaza, unaachia.

"Hizi njo seli za moyo ya muntu, mama," alisema kwa Kiswahili cha kwetu, kinachosema njo kwa ndiyo na minyi kwa mimi. "Tunazikuza sisi wenyewe."

Mke wangu alivaa miwani, akaisogeza simu karibu.

"Mwenye moyo alikufa?"

"Hapana, iko muzima. Anaendesha basi. Alitoa damu kidogo tu, sisi tukaigeuza ile damu pole pole mpaka ikakuwa seli za moyo."

"Na yeye anajua moyo wake inapiga kule kwenu?"

"Anajua. Alitia sahihi."

Kisha akatueleza kazi yenyewe. Wanazidondoshea zile seli dawa za pumu. Kwanza moja, halafu nyingine, halafu zote mbili pamoja, na mashine inaandika jinsi seli zinavyopiga. Watu wengi wenye pumu wanatumia dawa zaidi ya moja, alisema, na inafaa kujua moyo unapata nini dawa hizo zinapokutana. Tulipomuuliza jibu ni lipi, alisema kazi bado haijaisha.

Mke wangu alinitazama juu ya miwani, akaanza kucheka. Alicheka mpaka akavua miwani na kufuta macho kwa kitenge. Binti yetu hakujua kichekesho kiko wapi. Wakati wa vita alikuwa mtoto, na katika miaka ile anakumbuka tu kwamba sukari ilikosekana na kwamba wageni walilala sebuleni. Basi nilimhadithia, na baada ya kumhadithia nikaona niandike.

Nilikuwa na duka la dawa karibu na soko la Kamina. Sikuwa mfamasia. Dawa nilizijulia kazini, katika dispensari moja nilikofanya kazi miaka sita kabla ya kufungua duka langu, na nilijua kusoma karatasi zinazokuja ndani ya maboksi. Babu yangu alitoka Kasongo na vitambaa na chumvi, akafuata reli, akachoka Kamina, akajenga. Nyumba yetu ilikuwa ya matofali ya kuchoma, si mbali na msikiti.

Mke wangu pia asili yake ni Kasongo. Siku ya posa mama yake alimwambia mama yangu bila kuficha, "Mutoto wetu iko na kifua." Mama yangu akajibu, "Wetu iko na kichwa nguvu." Wakakubaliana.

Mke wangu alikuwa mshonaji. Cherehani yake ya kukanyaga kwa mguu ilikaa barazani, na barazani hapo ndipo habari zote za mtaa zilipopita, maana mke wangu alikuwa msemaji kweli. Pumu ndiyo peke yake iliyoweza kumnyamazisha. Ilimshika zaidi wakati wa kipwa, ukavu ule wa Juni mpaka Septemba, watu wanapochoma majani porini na majivu yanaelea juu ya mji, na asubuhi kuna baridi. Alikaa kwenye kiti kinyumenyume, akalaza mikono juu ya mgongo wa kiti, akainua kidole kimoja. Kidole hicho maana yake ilikuwa: usiniongeleshe. Nilikaa kando yake mpaka kidole kikashuka. Kikishashuka, alisema yote aliyokuwa ameyaweka.

Dawa yake ililetwa na treni kutoka Lubumbashi. Miezi mingine nilipata salbutamoli, vidonge vidogo vyeupe vya kufungua njia za pumzi. Miezi mingine nilipata aminofilini, nayo kazi yake ni ile ile. Hii ikiisha, tulitumia ile. Hatukuwahi kuwa nazo zote mbili kwa wakati mmoja, na hatukujua kwamba hiyo ilikuwa bahati.

Vita ya kwanza ilitupitia mbio. Nchi ikabadilisha jina, sisi tukabaki na mashati yale yale. Vita ya pili ndiyo iliyokaa. Kaskazini treni haikwenda tena. Ya Lubumbashi ilikuja juma moja, ikapotea mwezi, ikarudi imejaa askari. Ndege za jeshi zilipita juu ya mabati yetu kutoka uwanja wa nje ya mji. Watu walitukimbilia kutoka Kabalo, kutoka Bukama, kutoka Sanga na vijiji vingine vya ziwani. Kwetu alifika dada mkubwa wa mke wangu, kutoka Kabalo, na watoto sita. Niliwapenda na ninawapenda mpaka leo. Lakini watu kumi na wawili wanakula, na chakula hakipikwi bila moto. Mvua zilipoanza, mbabula mbili, majiko yetu ya makala, yaani makaa, zilihamia baraza ya nyuma, na makala yakilowa shemeji yangu aliongeza kuni mbichi. Moshi uliingia ndani ukakaa nasi kama mtu wa kumi na tatu.

Miezi minne mizima sikupata dawa yoyote ya pumu. Nilizunguka kwa wenzangu wote wenye maduka, nao walikuwa wanazunguka kwangu. Mke wangu aliishi kwa chai kali ya rangi, na kahawa ilipopatikana, maana alikuwa ameona tangu usichana kwamba vinampunguzia. Alishona asubuhi tu. Mchana alikuwa kwenye kile kiti.

Halafu, katika juma moja, zikaja zote mbili. Jumatatu mfanyabiashara mmoja alishuka na ndege kutoka Lubumbashi akaniuzia katoni, na ndani mlikuwa na makopo ya salbutamoli. Alhamisi akafika mtu wa velo, yaani baiskeli, ambaye kwa kawaida alituletea samaki wa moshi. Alikuwa amesukuma velo yake kutoka Kabondo-Dianda, kwenye barabara ambayo mvua imeila. Chini ya samaki, ndani ya mfuko wa plastiki, alikuwa na makopo mawili ya aminofilini aliyoyapata Bukama. Yalinuka samaki mpaka ndani ya kifuniko.

Nilifurahi kama bwana harusi. Nilichukua kopo moja la kila aina, nikaenda nayo nyumbani kabla ya saa ya kufunga. Hesabu yangu ilikuwa nyepesi: lori likikwama, mtu mmoja akisukuma litatoka, wawili wakisukuma litatoka upesi zaidi. Nilimwambia ameze hiki na hiki, asubuhi, mchana na jioni. Alimeza.

Na siku za kwanza zilikuwa nzuri, siwezi kusema uongo. Kifua kilifunguka. Alitembea mpaka sokoni akarudi. Siku ya pili alimgombeza muuza sombe, majani ya muhogo, na dada yake aliposikia sauti ile kutoka barabarani alisema, "Amepona."

Siku ya tano alikuja dukani kwangu na sindano ya cherehani mkononi na uzi mweusi.

"Nitilie uzi," alisema.

"Minyi? Tangu lini minyi ninatia uzi?"

"Tangu leo."

Nikamwambia ni macho, kwamba sote tunazeeka, nitamtafutia miwani. Akasema si macho. Akaninyooshea mkono wake juu ya meza ya duka. Vidole vilikuwa vinatetemeka kidogo kidogo, bila kupumzika, kama kifuniko cha sufuria wakati maji yanaanza kuchemka.

"Na moyo?" nikauliza.

"Inakimbia. Nikikaa, inakimbia. Nikilala, njo inakimbia zaidi."

"Njo dawa inatumika. Utazoea."

Nilimtilia uzi. Ulipita mara ya saba.

Lakini mke wangu hakuwa mtu wa kuambiwa utazoea. Jumatano, bila kuniambia, aliacha vile vidonge vyenye harufu ya samaki, akameza vile vyeupe peke yake. Adhuhuri uzi ukapita sindanoni kwa mikono yake mwenyewe. Alhamisi akameza vyote viwili, uzi ukakataa. Jioni akanieleza yote, kwa utaratibu, kama mtu anayetoa ushahidi mbele ya chifu.

"Siku mbili haionyeshi kitu," nilisema.

"Basi tuongeze siku."

"Nauza dawa miaka kumi na mbili sasa."

"Weye unauza," alisema. "Minyi njo ninameza."

Nilikasirika. Si sana, lakini nilikasirika, kama anavyokasirika mtu aliyeambiwa kweli mbele ya shemeji yake. Jioni hiyo kuni zilikuwa mbichi na kifua chake kilikuwa kimeanza kupiga filimbi. Nilimwambia kesho ameze vyote, sikutaka mchezo na pumu. Alinitazama, akasema sawa. Katika ndoa yetu yote mke wangu amenitii bila kubishana mara chache sana, na hiyo ilikuwa mara moja mbaya.

Kesho yake ilikuwa Ijumaa. Sikufungua duka, nilitaka kuoga na kujitayarisha kwa sala. Karibu saa nne asubuhi rafiki wa mke wangu alikuja kuchukua sketi. Alikuwa mwalimu wa biolojia katika shule ya sekondari ya masista, Mkatoliki, Muluba wa pale pale, baba yake mkulima nje kidogo ya mji. Walipatana kwa sababu wote wawili walipenda kusema, na kwa sababu Mwalimu alikuwa mtu pekee aliyeweza kumkatiza mke wangu katikati ya sentensi bila ugomvi.

Mke wangu alikuwa kwenye cherehani, anamalizia pindo la ile sketi. Mguu ukasimama juu ya kikanyagio. Nilisikia ule ukimya kutoka ndani, nikatoka. Alikuwa ameshika meza kwa mikono miwili. Uso umekuwa rangi ya majivu, jasho limetoka juu ya mdomo, na kwenye shingo yake mshipa ulikuwa unaruka.

Mimi niliona pumu. Miaka yote nilikuwa nimeona pumu, ningeona nini kingine? Nikakimbilia makopo, nikatoa kidonge, nikakileta mdomoni kwake. Akafunga mdomo, akageuza kichwa.

"Yaya, ngoja kwanza," alisema Mwalimu, akiniita kaka mkubwa kwa desturi ya kwetu.

Aliinama, akatega sikio karibu na mgongo wa mke wangu.

"Anapumua vizuri. Kuja usikilize. Hakuna filimbi. Hii haiko kifua, hii iko moyo."

Akamshika mkono kwenye kifundo, akatazama saa yake. Niliona midomo yake ikihesabu. Halafu akaacha kuhesabu akaanza tena.

"Inapita mia na hamsini," alisema. "Na tena inarukaruka. Alimeza nini?"

Nikamletea makopo mawili. Aliyasoma yote, akaligeuza lile la pili, akalinusa.

"Hizi zote? Asubuhi hii?"

"Njo minyi nilimwambia."

"Na chai?"

Dada yake ndiye aliyejibu kutoka mlangoni, mikono ina unga wa bukari, ugali wetu. Vikombe vitatu vya chai ya rangi tangu alfajiri.

Mwalimu alifumba macho kidogo. "Hii aminofilini na kile kitu kilicho mu chai ni ndugu," alisema, "tumbo moja. Yaya, tumupeleke."

Tulimkalisha juu ya kiti cha nyuma cha velo ya jirani. Mimi nilisukuma upande mmoja, Mwalimu upande mwingine, naye kati yetu anatutegemea mabegani. Njiani hakusema neno, na hilo ndilo lililonitisha kuliko ule mshipa wa shingo.

Hospitalini daktari hakuwapo, alikuwa ameondoka tangu vita ikaribie. Alikuwapo muuguzi mmoja mzee ambaye mimi nilimjua, maana alikuwa mteja wangu na mshindani wangu katika kusoma maandishi madogo. Kipima moyo chake kilikuwa kimebaki na sikio moja. Aliweka hilo moja, akaziba sikio lake lingine kwa kidole, akasikiliza muda mrefu.

"Nani alimupa hizi mbili pamoja?" aliuliza.

"Minyi."

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

"Kila moja ikiwa yenyewe, ni dawa," alisema. "Inasaidia kifua, na moyo inaguswa kidogo. Sasa umezitia zote mbili bila kipimo, na chai juu yake. Moyo inapigwa fimbo huku na huku. Apumzike. Asimeze kitu. Maji tu. Tutakaa naye."

Tulikaa. Kila baada ya muda muuguzi alikuja na sikio lake moja, akasikiliza, akaenda. Mwalimu alirudi shuleni, akaja tena na ndizi. Sala ya Ijumaa ilinipita. Niliswali adhuhuri kati ya kitanda cha mke wangu na ukuta, na katika sijida nilisikia ndege inashuka na nikamwomba Mungu kitu kimoja tu.

Ilipofika alasiri vidole vyake vilitulia kwanza. Baadaye uso ulirudi. Muuguzi alisikiliza, akaondoa kidole sikioni, akasema, "Sasa inatembea." Mke wangu akafungua macho akamtafuta Mwalimu.

"Sketi yako," alisema, "bado pindo ya upande wa nyuma."

Mwalimu alicheka. Mimi sikuweza. Nilingoja mpaka tulipobaki wawili, nikamwambia anisamehe. Nilimwambia kwamba aliona yeye mwenyewe, aliniambia, na mimi nikaweka kiburi mbele.

"Ulitaka nipumue," alisema.

"Njo hivyo."

"Basi. Lakini siku nyingine nikisema moyo, usijibu kifua."

Tulirudi nyumbani kesho yake. Kichwani mwangu, hata hivyo, jambo lilikuwa bado gumu. Nilikuwa nimesoma karatasi zote mbili. Kila moja ilisema dawa hii ni ya pumu. Mambo mawili mema yanakutana vipi yakazaa baya? Nilimuuliza Mwalimu. Alisema angeweza kunieleza, lakini ni afadhali nione, kwa sababu Jumanne ana somo la moyo na darasa la tano la sekondari.

Nilikwenda. Mke wangu alisema na yeye atakwenda, kwa kuwa moyo unaozungumziwa ni wake. Walitupa benchi la nyuma. Wasichana walikuwa wameleta vyura watatu kutoka kwenye maji ya mvua bondeni. Mwalimu aliwaua upesi, bila kuwatesa, akiwa ametupa mgongo ili tusione. Alipogeuka alikuwa na vikombe vitatu vidogo vya maji ya chumvi, na katika kila kimoja moyo wa chura, mdogo kama punje ya haragwe.

Ilikuwa inapiga. Hakuna chura tena, hakuna mwili, na ile mioyo inapiga yenyewe ndani ya maji. Mke wangu alinishika mkono.

"Ni nani anaiambia ipige?" alimnong'oneza msichana aliyekuwa mbele yetu.

"Inajiambia yenyewe, mama," msichana akajibu.

Nilikuwa nimeleta nusu kidonge cha kila dawa. Mwalimu alivisaga kila kimoja peke yake, akavikoroga na maji ya chumvi, akavichuja kwa vipande vya kitambaa cheupe. Katika kikombe cha kwanza alidondosha salbutamoli. Msichana mmoja alihesabu kwa sauti, mwingine akashika saa. Moyo ule uliongeza mwendo. Katika cha pili alidondosha aminofilini. Nao uliongeza, na ulikuwa unajikaza kwa nguvu zaidi. Katika kikombe cha tatu alidondosha zote mbili.

Mwanzoni ulikimbia tu. Kisha ukaanza kuruka, mapigo mawili ya haraka, kimya, mapigo matatu, kimya. Msichana aliyekuwa anahesabu alipoteza hesabu. Mwishowe ule moyo ulijikaza ukakaa hivyo hivyo, kama ngumi, haukuachia.

Ndege ilipita, madirisha yakatetemeka. Hakuna aliyeangalia juu.

"Sasa musikilize vizuri," Mwalimu aliwaambia. "Chura haiko muntu. Na minyi nimetia dawa nyingi kupita ile inayofika mu damu ya mugonjwa. Musiende kutisha bantu mu soko kwamba dawa ya asima inaua. Kuna bagonjwa wanaopewa zote mbili na muganga, kwa kipimo, na anawaangalia. Nimetaka muone kitu kimoja tu. Hizi dawa mbili zinapita milango tofauti, lakini zinafika mu nyumba moja."

Niliinuka pale benchini nikiwa nimeelewa kitu ambacho miaka kumi na mbili ya kusoma karatasi haikunipa. Karatasi ya kila dawa inaongea kama vile ndiyo peke yake duniani.

Mke wangu alikuwa amesimama. Alisogea mpaka mbele, akautazama ule moyo wa tatu.

"Mwalimu, hauwezi kuuosha?"

Mwalimu alifikiri. Akamwaga yale maji, akatia maji mapya ya chumvi, akayamwaga tena, akatia mengine. Tulingoja. Nadhani hata yeye hakuwa na hakika. Baada ya muda ile ngumi iliachia kidogo. Pigo moja, dhaifu. Kimya kirefu. Pigo la pili. Wasichana walipiga makofi, na mke wangu akarudi kwenye benchi amejaa furaha, kana kwamba yule chura ni jamaa yake.

Siku hiyo ndiyo tuliyobadilisha mambo ya nyumba. Kwanza dawa. Kwa shauri la muuguzi mzee tulibaki na salbutamoli peke yake, nusu kidonge, na chai ikapunguzwa ikawa kikombe kimoja cha asubuhi. Pili moshi. Mimi na shemeji tulisimamisha miti minne uani, tukaweka mabati juu, mbabula zikahamia huko, mvua inyeshe isinyeshe. Shemeji aliogopa kwamba anafukuzwa jikoni. Mke wangu alimwambia, "Yaya, ni moshi njo tunafukuza," wakacheka, yakaisha. Baada ya majuma mawili nilitambua kwamba siku tatu zimepita bila kile kiti kugeuzwa.

Dukani nilianza tabia mpya. Kila mtu aliyeomba dawa nilimuuliza kwanza, "Na kingine unameza nini?" Watu hawakuzoea. Mzee mmoja aliniuliza kama sasa ninauza dawa au nimekuwa polisi. Lakini wengine walianza kuja na mifuko yao, wakaimimina yote juu ya meza: vidonge vya zamani, mizizi, dawa za maji zilizokauka chupani, na tulikaa tunatenganisha pole pole. Nisichokijua nilikiandika kwenye karatasi nikampelekea muuguzi, naye alikuwa anakuja jioni, anavuta kiti, na tunabishana juu ya maandishi madogo. Alipenda kushinda. Nilimwachia mara nyingi kuliko alivyojua.

Vita haikuisha mwaka ule. Askari walibaki, treni ilibaki ya kubahatisha, wageni wetu walikaa nasi miaka mingine miwili. Nisingesema kwamba tulikuwa na raha kama watu wa mahali pa amani. Lakini nikikumbuka mwaka ule, ninachokumbuka kwanza ni nyumba iliyojaa, na sauti ya cherehani asubuhi, na sauti ya mke wangu juu yake.

Mwezi wa kwanza wa mwaka uliofuata, karanga zilipokomaa, Mwalimu alituita twende shambani kwa baba yake tukasaidie kung'oa. Ni mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu, na kuna kilima. Nilimwambia mke wangu tuombe velo ya jirani, nimsukume. Alikataa. Alisema kifua ni chake na miguu ni yake.

Tulitoka alfajiri, mimi, yeye, dada yake na watoto. Kwenye kilima nilimkaribia, nikataka kumshika mkono kwenye kifundo kama Mwalimu alivyofanya, kuhesabu. Alinipa mkono bila kusimama, akaendelea kumsimulia dada yake habari ya mteja mmoja aliyenenepa kati ya siku ya kupimwa na siku ya kuchukua gauni. Nilihesabu huku ninatembea. Ulikuwa moyo wa mtu anayepanda kilima, basi.

Baba yake Mwalimu alikuwa ametungoja kwenye njia ya shamba, kofia mkononi. Tulimsalimu kwa Kiluba, "Wafwako," naye akatuitikia, akatazama watoto wote wale, akasema ameona majeshi mengi miaka hii lakini hili ndilo la kwanza lililokuja kufanya kazi. Tulianza mstari wa kwanza kabla jua halijawa kali. Udongo ulikuwa laini kwa mvua, na karanga zilitoka zote, nzima, na udongo wake.